Njia Mbili Zilizokuwa Moja

Taa zote zilikuwa za kijani. Usiku ule nilifunga mlango wa raki, lile kabati la chuma linalobeba seva, nikakusanya bisibisi na tochi yangu, nikaenda kulala nikiwa na amani. Seva ilikuwa inaliona kasha jipya la upanuzi, diski zote 24 zilikuwa zimeitika, na kwenye skrini kila diski ilikuwa na njia mbili za kuifikia seva. Hata jaribio nilikuwa nimelifanya: nilichomoa kebo moja, mfumo ukaendelea kuandika bila kukatika, nikairudisha. Nikamwandikia mkuu wangu kwamba kazi imekamilika na kwamba kasha lina njia ya akiba.

Miezi saba baadaye, asubuhi ya siku ya kufunga hesabu za mwezi, kadi moja ndani ya seva ilikufa. Diski zote 24 zikapotea kwa mpigo mmoja.

Tangu hapo nimefunga makasha mengi ya aina hii, na kila ninapofunga jingine asubuhi ile hunirudia. Nitaieleza ilivyokuwa, maana kosa lenyewe ni jepesi kulifanya na ni gumu kuliona.

Kwa ambaye hajawahi kulishika, kasha la upanuzi ni nyumba ya diski. Seva huja na nafasi zake chache, zikijaa huna haja ya kununua seva nyingine: unafunga kasha chini au juu yake kwenye raki na kuliunganisha kwa kebo. Halina prosesa ya kuendesha programu zako wala mfumo wa uendeshaji. Lina diski mbele, na nyuma lina pawa saplai mbili, feni, na moduli mbili za mawasiliano. Hesabu ya mbili mbili ina sababu. Diski ya SAS, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya seva, ina milango miwili ya data, mmoja unakwenda moduli ya kwanza na mwingine moduli ya pili, kwa hiyo kutoka kwenye diski yenyewe mpaka kwenye seva panaweza kujengwa njia mbili kamili. Diski ya SATA, ile ya kompyuta za kawaida, ina mlango mmoja tu, ndiyo maana kuichomeka kwenye kasha la namna hii bila kiunganishi maalumu ni kujinyima nusu ya kile ulicholipia.

Kasi haijawahi kunisumbua. Kebo moja ya SAS ina mikondo minne ya data ndani yake, na katika kizazi cha gigabiti 12 kwa kila mkondo hiyo ni gigabiti 48 kwa sekunde. Kwa kazi za ofisi ya biashara, ankara na stoo na mishahara, mara nyingi diski zenyewe ndizo zinazochelewa.

Siku ya kufunga kasha tulianza na reli, vyuma viwili vinavyolibeba ndani ya raki, na hapo nilijifunza jambo dogo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Mashimo ya nguzo za raki hayajapangwa kwa umbali ulio sawa. U, kipimo cha kimo cha vifaa vya raki, moja yake ni milimita 44.45 na ina mashimo matatu. Kutoka la kwanza hadi la pili ni milimita 15.875, la pili hadi la tatu ni hivyo hivyo, lakini kutoka la tatu hadi la kwanza la U inayofuata ni milimita 12.7 tu. Ukipitisha kidole utayahisi: mbali, mbali, karibu. Pale mashimo mawili yanapokaribiana, katikati yake ndipo U moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Nilikuwa nimefunga reli ya kushoto shimo moja juu ya ya kulia. Kwa macho zilionekana sawa. Kasha lilipoingia nusu likakwama, mwenzangu akasukuma, nikamwambia asisukume. Tulilitoa, nikahesabu mashimo upya kuanzia chini, nikayatia alama ya kalamu kwenye nguzo zote nne. Tangu siku hiyo natia alama nguzo nne kabla sijafungua hata mfuko wa skrubu.

Kuhusu uzito sina mengi. Likiwa na diski zake zote, kasha letu lilizidi kilo 20, na mtu mmoja hapaswi kulinyanyua peke yake akiwa amekunyata mbele ya raki. Mlinyanyue wawili, au mzitoe diski kwanza. Kama diski zina data, zipewe namba za nafasi zake kabla hazijatoka. Makasha yakae chini, vifaa vyepesi juu, na kamwe msivute vifaa viwili nje ya raki kwa wakati mmoja, kwa sababu raki inaweza kuinama mbele na kuanguka.

Sasa nije kwenye kebo.

Seva ile ilikuwa na kadi mbili za SAS, ambazo ndizo huiunganisha na kasha, kila moja na matundu mawili nyuma. Mchoro uliokuja na kasha ulikuwa mzuri na ulisema kweli: kebo moja itoke kwenye tundu la kwanza la kadi ya kwanza iende moduli ya kwanza, nyingine itoke kwenye tundu la kwanza la kadi ya pili iende moduli ya pili. Kwenye mchoro kadi zilichorwa zikiwa zimesimama wima, moja kushoto na nyingine kulia, na matundu mawili yenye mishale yalikuwa yamekaa bega kwa bega.

Kwenye seva yetu kadi zilikuwa zimelazwa, moja juu ya nyingine.

Nilifika nyuma ya raki na tochi mdomoni, mchoro nimeubandika mlangoni. Nikaona matundu mawili yaliyokaa bega kwa bega. Nikachomeka kebo ya kwanza, ikalia "tak". Nikachomeka ya pili, ikalia "tak". Chini yake palikuwa na matundu mengine mawili matupu, nikajiambia hayo ni ya kasha la pili litakapokuja. Mchoro wangu na mikono yangu vilifanana kabisa kwa macho. Lakini bega kwa bega ya kwenye mchoro ilikuwa kadi mbili, na bega kwa bega ya kwenye chuma ilikuwa kadi moja.

Hapo ndipo lile jaribio langu la usiku lilipokosea. Nilichomoa kebo moja, data ikapita kwenye ya pili, nikaridhika. Nilikuwa nimethibitisha kwamba kebo moja ikikatika hatutasimama. Sikuwa nimeuliza kama kadi ikikatika itakuwaje. Na kebo ya shaba ndani ya raki iliyofungwa, ambayo hakuna anayeigusa, ni nadra kukatika. Kadi ina umeme, joto na programu yake ya ndani. Kati ya vitu viwili nilipima kile kisichoelekea kufa.

Asubuhi ile simu ya kwanza ilitoka uhasibu. Mama mmoja mtu mzima, mpole sana, aliniambia, "Mwanangu, mashine inazunguka tu, haifungui ankara." Nilifikiri ni mtandao. Nilipoingia kwenye seva, orodha ya makosa ilikuwa inashuka mbio kuliko nilivyoweza kusoma, na kila mstari ulitaja diski tofauti. Diski moja ikifa unahuzunika. Diski 24 zikifa dakika moja, ujue si diski. Hilo nililijua, ila sikujua ni nini, kwa sababu kichwani mwangu kasha lilikuwa na njia mbili.

Nikaenda nyuma ya raki. Kwenye kasha, taa za umeme zilikuwa za kijani, taa za mawasiliano zimezimika zote. Nikashuku kasha lenyewe. Nikachomoa na kuchomeka kebo. Nikafikiri moduli mbili zimekufa pamoja, jambo ambalo ningepaswa kulikataa palepale. Karibu saa nzima ilipotea hapo, na watu wanangoja.

Mwishowe nilimpigia kaka mmoja aliyenitangulia sana katika kazi hii. Nilianza kumsomea taa, hii ya kijani, ile imezima, ile ya njano. Akanikatiza.

"Mdogo wangu, usiniambie taa zikoje. Shika kebo kwa kidole, uifuate mpaka mwisho wake, uniambie imeingia wapi."

Nikaweka simu kwenye sauti ya wazi, nikapitisha kidole. Kebo ya kwanza: kadi ya juu. Kebo ya pili nikaifuata polepole, ilipita nyuma ya mkono wa kushikia kebo, ikapanda, ikaingia kadi ya juu. Nikanyamaza. Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Basi zima seva vizuri, zihamishie kadi ya chini, washa. Mengine tutaongea baadaye."

Ndivyo nilivyofanya. Diski zote zilirudi. Ukaguzi wa mfumo wa faili ulichukua muda, hifadhidata ikafuta miamala iliyokuwa haijakamilika na kusimama mahali salama, nasi tukalinganisha na nakala rudufu ya usiku kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuingia. Hakuna data iliyopotea. Lakini ofisi nzima ilikaa mikono mitupu kwa zaidi ya saa tatu, siku ambayo ndiyo walihitaji mfumo kuliko siku zote za mwezi, na yule mama wa uhasibu alitoka kazini usiku. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mkuu wangu.

Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu miezi yote saba. Kwenye Linux, mfumo wa uendeshaji wa seva ile, amri ya multipath -ll huonyesha kila njia kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Yetu ilikuwa inaonyesha hivi kwa diski moja: 1:0:3:0 na chini yake 1:0:28:0. Namba ya kwanza ni ya kadi. Mistari miwili, njia mbili, na zote zinaanza na 1. Zingepita kwenye kadi mbili, mmoja ungeanza na 1 na mwingine na 2. Nilikuwa nimeisoma mistari ile usiku wa kufunga na nikaihesabu tu, moja, mbili, basi. Sikuisoma. Leo ninapokabidhi kazi, hizo namba za kwanza ndizo ninazomwonyesha mteja kwa kidole kwenye skrini.

Yule kaka alitimiza ahadi, tuliongea baadaye, na alichonipa ni swali moja: njia hizi mbili zinashirikiana nini? Alinitaka nilianzie kwenye diski na nilirudie kila hatua mpaka ukutani. Zinashirikiana moduli? Kadi? Seva moja, ndiyo, hiyo tumeikubali na tunajua. Umeme? Kila kitu kinachoshirikiwa kiandikwe, na mwenye biashara akubali kwa kauli yake kwamba kikifa, kazi itasimama.

Swali hilo lilinifungua macho kwenye umeme zaidi ya nilivyotegemea. Nimewahi kuitwa mahali ambapo pawa saplai mbili za kasha zilikuwa zimechomekwa kwenye safu mbili tofauti za soketi, kushoto na kulia kwa raki, kebo nyeusi na kebo nyekundu, kazi safi ya kupendeza. Nilifuata kebo za zile safu mpaka chini ya sakafu. Zote mbili ziliingia kwenye UPS moja, yaani betri moja ya akiba ya umeme. Mahali pengine zilikuwa kwenye UPS mbili lakini mzigo umejaa: kila upande unabeba asilimia 60 ya uwezo wake, kila mtu ana furaha, ila upande mmoja ukizimika ule mwingine unabebeshwa asilimia 120 na swichi yake inajikata. Njia ya akiba ambayo haiwezi kubeba mzigo wote peke yake haipo. Na diski huvuta umeme mwingi zaidi zinapoanza kuzunguka, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa ajili ya dakika ya kuwasha pia.

Kasha la pili lilipokuja, mwaka uliofuata, swali hilohilo ndilo lililonipangia kebo. Kawaida mtu huunganisha kasha la pili kutoka kwenye la kwanza, moduli kwa moduli: seva, kasha la kwanza, kasha la pili, pande zote mbili. Taa zitawaka kijani. Lakini hapo pande zote mbili za kasha la pili zinapitia kasha la kwanza. La kwanza likizimika lote, la pili linazimika nalo ingawa ni zima. Pale mtengenezaji anaporuhusu, mimi hugeuza upande mmoja: upande A unatoka seva kwenda kasha la kwanza kisha la pili, upande B unatoka seva kwenda kasha la pili kisha la kwanza. Kasha lolote likianguka, jingine bado lina mlango. Inahitaji kebo moja ndefu zaidi, na urefu huo upimwe kabla ya kuagiza, kwa njia ambayo kebo itapita kweli, pembeni mwa raki na kupitia mkono wa kushikia, si kwa mstari ulionyooka.

Jihadhari na moduli yenyewe. Kwenye kasha lile, moduli ya pili ilikuwa imepachikwa juu chini, kwa hiyo tundu la kuingilia lililokuwa kushoto kwenye moduli ya kwanza lilikuwa kulia kwenye ya pili. Ukifuata mazoea ya mkono utachomeka kwenye tundu la kutokea. Soma alama iliyochongwa karibu na tundu kila mara, kwa tochi, hata kama umefunga makasha kumi.

Kichwa cha kebo nacho kinataka subira. Kinaingia kwa upande mmoja tu. Kikikataa, usikilazimishe, kigeuze. Kikilia, kivute taratibu kwa nyuma uhakikishe kimeshika, maana kuna kilio cha nusu ambacho huwasha taa leo na kukuacha kesho mlango wa raki ukifungwa kwa nguvu. Kukitoa, vuta utepe wake wa plastiki, usivute kebo. Kebo isikunjwe kwa pembe kali, na isibanwe kwa vibana vya plastiki vinavyoiuma. Mikanda ya kunata inatosha, na inafunguka bila mkasi. Acha urefu wa ziada wa kutosha kuivuta seva nje kwenye reli zake bila kebo kukaza.

Lebo naandika pande zote mbili za kebo, na kila lebo inataja ncha zote mbili: imetoka kadi ipi na tundu lipi, imekwenda kasha lipi na moduli ipi. Lebo inayotaja upande mmoja tu inamlazimisha fundi kufuata kebo kwa kidole saa nane za usiku. Upande A nautia utepe wa rangi moja, upande B nyingine. Kama tangu mwanzo ningekuwa na rangi, matepe mawili tofauti kwenye kadi moja yangenipigia kelele siku ya kwanza.

Mpangilio wa kuwasha ni mfupi: makasha kwanza, yaache mpaka diski zote zitulie, halafu seva. Kuzima ni kinyume chake. Seva inapoamka hutafuta diski zake, na isipozikuta inaweza kuendelea bila hizo.

Mwezi uliopita nilifunga kasha na msichana anayejifunza kazi kwangu. Tulipofika kwenye kujaribu, baada ya kuhakikisha nakala rudufu ipo na ruhusa ya maandishi imetolewa, tukaanzisha faili kubwa la kuandikwa ili mfumo uwe na kazi. Akashika kebo moja ya kadi ya kwanza.

"Kaka, nichomoe hii?"

"Kadi hiyo ina kebo ngapi?"

Akainama na tochi. "Mbili. Moja ya kila kasha."

"Basi zitoke zote mbili. Tunaiua kadi, hatuui kebo."

Akavuta tepe zote mbili. Uandishi ulisita kwa sekunde chache, sote tukiangalia skrini, kisha ukaendelea. Akasoma orodha kwa sauti, mstari kwa mstari: kila ulioanza na 1 umeshindwa, kila ulioanza na 2 uko hai. Alisoma diski zote 48 bila kuruka, nami sikumharakisha. Tukarudisha kebo zote mbili. Alitaka kuhamia kadi ya pili palepale, nikamzuia mpaka mistari yote 48 ya kadi ya kwanza iliporudi hai, akaihesabu mwenyewe, ndipo akazunguka nyuma ya raki.